Kubadilisha ukanda wa saa wa kompyuta kwa amri: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Unguja na Pemba

Ukurasa huu ni wa mafundi, walimu wa maabara za kompyuta za skuli, wahasibu wa hoteli na kila aliyekaa mbele ya kompyuta inayoonyesha saa isiyo yetu. Kabla ya yote, lielewe jambo moja: saa ya kompyuta na ukanda wa saa ni vitu viwili mbalimbali. Ndani yake kompyuta huhesabu wakati mmoja wa dunia nzima, UTC. Ukanda, ambao kwenye simu nyingi umeandikwa "Saa za eneo", ndio unaoiambia kwamba hapa kwetu iongeze saa tatu. Mara nyingi kilichoharibika ni ukanda, lakini watu hukimbilia kuisukuma saa. Ukiusoma ukurasa huu ukabakiwa na tabia ya kuangalia ukanda kwanza, utakuwa umeokoa kazi nyingi.

Zanzibar tunatumia ukanda gani?

UTC+3, yaani Saa za Afrika Mashariki, kwa kifupi EAT. Hatusogezi saa mbele wala nyuma kwa misimu. Ni saa tatu mwaka mzima. Kwenye Linux na macOS jina la kuandika ni `Africa/Dar_es_Salaam`. Kwenye Windows ni `E. Africa Standard Time`.

Nimeandika Africa/Zanzibar, ikakataa. Kwa nini?

Kwa sababu jina hilo halimo. Majina ya kanda hutoka kwenye hifadhidata ya kimataifa inayotunzwa na IANA, taasisi inayosimamia majina na namba za intaneti, na hifadhidata hiyo haiorodheshi kila kisiwa wala kila mji. Inachukua mji mmoja kuwakilisha eneo ambalo saa zake zimekwenda sawa tangu mwaka 1970. Sisi na Tanzania Bara saa yetu ni moja, kwa hiyo tunaingia kwenye `Africa/Dar_es_Salaam`. Na jina hilo nalo siku hizi ni kiungo tu kinachoelekea `Africa/Nairobi`. Ukiona kompyuta imekuandikia Nairobi usishtuke, matokeo ni yale yale.

Ukiliandika jina lisilokuwepo kwenye `timedatectl`, utaambiwa waziwazi kuwa ukanda huo si sahihi. Hatari iko kwenye njia nyengine. Jaribu hii kwenye Ubuntu au Debian:

`TZ=Africa/Zanzibar date`

Hakuna malalamiko yoyote. Inakupa saa ya UTC na pembeni inaandika neno "Africa", kama kwamba imekuelewa. Kumbe jina haikulijua, ikaamua kutoongeza chochote. Mtu akiiweka hivyo kwenye faili la mipangilio ya programu, risiti zitatoka saa tatu nyuma na hakuna ujumbe wa kosa utakaomwonyesha pa kuanzia. Zingatia pia herufi kubwa na ndogo, na mistari ya chini: `Dar_es_Salaam`, si `dar-es-salaam`.

Nitajuaje kama tatizo ni ukanda au ni saa yenyewe?

Chukua simu iliyounganishwa na mtandao, iweke kando ya kompyuta, kisha kwenye Linux au macOS andika:

`date`
`date -u`

Ya pili inaonyesha UTC. Simu ikisema 16:40, yaani saa kumi na dakika arobaini alasiri, basi `date -u` lazima iseme 13:40. Ikiwa imesema hivyo, saa ni nzima, na kama `date` ya kwanza imekosea basi ukanda ndio wa kutengenezwa. Ikiwa UTC yenyewe imekwenda kombo, saa ndiyo mbovu.

Kuna dalili nyengine ya haraka: tofauti ikiwa ni saa kamili, moja, mbili au tatu, karibu kila mara ni ukanda. Tofauti ikiwa ni dakika saba, au miaka sita, ni saa.

Amri za Linux ni zipi?

Kwa Ubuntu, Debian, Fedora na nyengine nyingi zinazotumia systemd, anza kwa kutazama:

`timedatectl`

Soma mstari wa "Time zone". Kisha badilisha:

`sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`

Ikiwa imekubali haisemi neno. Andika `timedatectl` tena uhakikishe kuna "EAT, +0300". Kompyuta haihitaji kuzimwa. Ukitaka kuona orodha ya majina yote:

`timedatectl list-timezones | grep Africa`

Kama Dar es Salaam haikutokea kwenye orodha, weka Nairobi uendelee na kazi.

Seva yangu haina timedatectl.

Hutokea kwenye mifumo midogo kama Alpine, kwenye kontena (programu iliyofungwa pamoja na mfumo wake mdogo ndani ya seva), na kwenye mashine za zamani. Pale ndani ya mfumo, ukanda ni faili moja tu, `/etc/localtime`, ambalo kwa kawaida ni kiungo kinachoelekea kwenye folda ya `/usr/share/zoneinfo`. Kibadilishe kwa mkono:

`sudo ln -sf /usr/share/zoneinfo/Africa/Dar_es_Salaam /etc/localtime`

Kwanza hakikisha folda hiyo ipo. Kwenye Alpine haiji nayo, unaanza na `apk add tzdata`. Kwenye Debian na jamaa zake linaweza kuwepo pia faili la `/etc/timezone` lenye jina la ukanda kwa maandishi, na baadhi ya programu husoma hilo badala ya lile la kwanza. Mawili hayo yakitofautiana utapata programu mbili kwenye mashine moja zenye saa mbili. Njia salama ya kuyaweka yote kwa pamoja ni `sudo dpkg-reconfigure tzdata`, ambayo inakuletea menyu uchague bara kisha mji.

Na Windows?

Fungua Command Prompt. Kuona ukanda uliopo:

`tzutil /g`

Kubadilisha:

`tzutil /s "E. Africa Standard Time"`

Alama za kunukuu ni lazima, na nukta baada ya herufi E ni sehemu ya jina. Wanaotumia PowerShell wataandika `Set-TimeZone -Id "E. Africa Standard Time"` na kuhakiki kwa `Get-TimeZone`. Kwenye orodha ya mipangilio ukanda huu unaonekana kama "(UTC+03:00) Nairobi".

Ikiwa baada ya siku mbili umerudi ulikotoka, Windows inachagua ukanda yenyewe kwa kukisia kompyuta ilipo, na makisio yake yanaweza kukosea. Zima chaguo la kuweka ukanda kiotomatiki kwenye mipangilio ya tarehe na saa, au ukiwa na haki za msimamizi:

`reg add HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Services\tzautoupdate /v Start /t REG_DWORD /d 4 /f`

Nimenunua laptopu iliyotumika kutoka Dubai. Iko saa moja mbele. Niirudishe nyuma?

Usiirudishe saa. Dubai na Muscat ziko UTC+4, na laptopu imekuja na ukanda wa huko. Saa yake ya ndani huenda ni sahihi kabisa. Badilisha ukanda kama ilivyoelezwa juu, na ile saa moja itajiondoa.

Hapa pana majina matatu yanayochanganya watu, na inafaa kuyatenga. `Arabian Standard Time` ndio wa Abu Dhabi na Muscat, UTC+4. `Arab Standard Time` ni wa Riyadh na Kuwait, UTC+3. `Arabic Standard Time` ni wa Baghdad, nao UTC+3. Fundi akikuwekea wa Riyadh saa itaonekana sawa, kwa kuwa Saudi Arabia na sisi tuko pamoja. Hata hivyo mimi siuachi hivyo. Ukanda ni kumbukumbu ya mahali kompyuta ilipo, na nchi yoyote inaweza kubadilisha saa zake siku moja. Weka ule wa nyumbani.

Macbook?

`sudo systemsetup -settimezone Africa/Dar_es_Salaam`

Kuhakiki: `sudo systemsetup -gettimezone`. Matoleo mapya yanaweza kukuandikia "Error:-99" na kazi ikawa imefanyika hata hivyo, kwa hiyo hakiki kwanza kabla ya kurudia. Kama mipangilio ya kuchagua ukanda kwa mahali ulipo imewashwa, izime kwanza, la sivyo itaandika juu ya uliyoyaweka.

Kwa nini nisisukume saa tu mpaka ionekane sawa? Si ni kitu kile kile?

Si kitu kile kile, na madhara yake hujitokeza mahali ambapo hutodhani yanahusiana na saa.

Tuseme laptopu ya Dubai umeirudisha nyuma saa moja na ukanda umeuacha UTC+4. Kwenye skrini saa inaonekana sawa. Lakini kompyuta sasa inaamini kwamba UTC ni saa moja nyuma ya ukweli. Barua pepe unayoituma inabeba saa hiyo ya uongo, na anayeipokea Mombasa anaiona imeandikwa saa moja kabla hujaiandika. Ukifungua tovuti ambayo cheti chake cha usalama kimetolewa dakika ishirini zilizopita, kivinjari kinaweza kusema cheti hakijaanza kutumika. Zile namba sita za uthibitisho zinazobadilika kila sekunde 30 hutengenezwa kwa kutumia UTC. Kompyuta inayozitoa ikiwa nje kwa saa moja, hazitokubaliwa hata ukiziandika kwa usahihi gani. Kwenye ofisi ambazo kompyuta zote huingia kupitia seva moja ya Windows, kwa kawaida tofauti ya zaidi ya dakika tano kati ya kompyuta na seva hutosha kumzuia mtu kuingia.

Kisha siku kompyuta itakapopata intaneti, itajisahihisha saa kutoka mtandaoni, na ile saa moja itarudi pale pale. Mwenye kompyuta anasema "saa haitulii". Saa imetulia, ni ukanda haujaguswa.

Naweza kuifanya kompyuta ionyeshe saa yetu ya Kiswahili, saa moja asubuhi iwe 1:00?

Swali hili linaulizwa sana, na lina haki ya kujibiwa kwa kirefu, kwa sababu wengi wetu tunafikiri kwa saa za Kiswahili kisha tunatafsiri kila tunapotazama skrini. Kuiweka kompyuta kwenye lugha ya Kiswahili hakusaidii: maneno yanabadilika, hesabu ya saa inabaki kuanzia usiku wa manane.

Hila inayozunguka mitaani ni kuchagua ukanda ulio saa sita nyuma yetu, yaani UTC-3, ambao ndio wa Buenos Aires. Kweli, saa moja asubuhi itasoma 1:00. Lakini itasoma 1:00 ya usiku, na saa nane mchana itasoma 8:00 ya asubuhi. Kibaya zaidi ni tarehe. Kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri kompyuta itakuwa bado iko jana. Mgeni akifika hotelini Nungwi saa tisa usiku wa kuamkia tarehe 5, risiti yake itaandikwa tarehe 4, na hesabu za usiku huo hazitokutana. Wala hila hiyo haileti siku yetu: inabadilisha tarehe saa kumi na mbili alfajiri, ilhali kwa hesabu ya wazee siku mpya huingia jua linapozama.

Hesabu ya Kiswahili ni namna ya kuisoma saa, kwa hiyo mahali pake ni kwenye kuonyesha. Uache ukanda ulipo, kisha kwenye Linux ongeza mistari hii mwishoni mwa faili la `~/.bashrc`:

`saa() {`
`  h=$(date +%-H); m=$(date +%-M)`
`  echo "Saa $(( (h + 5) % 12 + 1 )) na dakika $m"`
`}`

Fungua terminali mpya, andika `saa`, na ikiwa ni 13:20 utaambiwa "Saa 7 na dakika 20". Hesabu inafanya kazi kwa saa zote 24: 6 inatoa 12, 7 inatoa 1, 0 inatoa 6. Ukipenda, ongeza masharti ya alfajiri, asubuhi, mchana, alasiri, jioni na usiku kwa kutumia ile `h`. Mtengenezaji wa programu ya tiketi za boti au ya zahanati anaweza kutumia hesabu hiyo hiyo kwenye skrini ya mhudumu huku ndani ya hifadhidata kukihifadhiwa UTC. Ningependa sana kuona programu nyingi zaidi za hapa kwetu zikifanya hivyo.

Bosi amesema nakala ya akiba ichukuliwe "Ijumaa usiku". Niandikeje kwenye cron, ile programu ya Linux inayoendesha kazi kwa ratiba?

Muulize kwanza. Mtu mzima wa Unguja au Pemba akisema usiku wa Ijumaa anaweza kukusudia usiku wa kuamkia Ijumaa, ambao kwa cron ni Alhamisi. Kijana wa ofisini huenda anakusudia Ijumaa yenyewe baada ya magharibi. Cron haijui hesabu ya magharibi: kwake siku inaanza 00:00. Kwa hiyo saa tatu usiku wa kuamkia Ijumaa ni:

`0 21 * * 4`

Na saa nane ya usiku huo huo, kwa kuwa imeshavuka usiku wa manane, ni:

`0 2 * * 5`

Hapo usiku mmoja umegawika siku mbili za cron, na ndipo makosa yanapoingia.

Jambo jengine kuhusu cron: huusoma ukanda inapowashwa. Ukibadilisha ukanda wa seva bila ya kuiwasha upya, kazi zinaweza kuendelea kwenda kwa saa za zamani. Baada ya kubadilisha andika `sudo systemctl restart cron`, au `crond` kwenye Fedora na jamaa zake. Na uangalie kilichopangwa kwa siku hiyo. Seva ikitoka UTC kwenda kwetu inaruka saa tatu mbele; kazi iliyowekwa katikati ya saa hizo tatu inaweza isifanyike kabisa siku hiyo. Ifanye kwa mkono.

Seva yetu ya kukodi iko Ulaya na risiti zinatoka saa tatu nyuma. Nimebadilisha ukanda, risiti bado.

Seva nyingi za kukodi huja zikiwa UTC, popote zilipo, ndiyo sababu tofauti ni saa tatu barabara. Kubadilisha ukanda wa mfumo ni hatua ya kwanza tu, kwa kuwa juu ya mfumo kuna tabaka nyengine na kila moja ina neno lake.

PHP haitazami ukanda wa mfumo. Ina mstari wake kwenye `php.ini`:

`date.timezone = Africa/Dar_es_Salaam`

Usipoujaza, inachukua UTC. Baada ya kuujaza, washa upya PHP au Apache.

MySQL na MariaDB kwa kawaida hufuata mfumo, lakini huusoma wakati wa kuwaka. Ziwashe upya, kisha uliza `SELECT NOW();`. PostgreSQL ni kinyume: ukanda umeandikwa kwenye `postgresql.conf` tangu siku ilipowekwa, na utabaki huo huo hata mfumo ukibadilika. Tazama kwa `SHOW timezone;` na ubadilishe kwenye faili hilo. Programu za Java husoma ukanda zinapoanza, basi nazo ziwashwe upya. Kontena zina ukanda wao; zipe `TZ=Africa/Dar_es_Salaam` na uhakikishe ndani yake kuna `tzdata`.

Kuhusu kama ni vyema kuibadilisha seva au kuiacha UTC, rai yangu ni hii. Hoteli moja, skuli moja, duka moja Darajani: iweke kwenye saa yetu, kwa sababu atakayesoma kumbukumbu za makosa usiku ni mtu wa hapa na asilazimike kujumlisha tatu kichwani. Mfumo unaotumiwa na watu wa nchi mbalimbali, mathalan unaopokea wageni wanaolipia wakiwa Italia na Uingereza: iache seva UTC na uonyeshe saa ya kila mtu kwenye skrini yake. Usibadilishe katikati ya mwezi wa mahesabu.

Kompyuta yangu ina Windows na Linux pamoja. Kila nikitoka Linux, Windows iko saa tatu nyuma.

Mifumo miwili inagombania saa ya ubao mama. Linux huiweka UTC na kuongeza tatu inapoonyesha. Windows huichukulia kuwa tayari ni saa ya hapa, haiongezi kitu. Iambie Windows nayo iichukulie kuwa ni UTC, kwa kuandika hii ukiwa msimamizi:

`reg add "HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\TimeZoneInformation" /v RealTimeIsUniversal /t REG_DWORD /d 1 /f`

Kisha ingia Linux, acha saa ijisahihishe mtandaoni, rudi Windows. Kuna njia ya kuilazimisha Linux ifuate Windows (`timedatectl set-local-rtc 1`), na kwa kuwa sisi hatubadilishi saa kwa misimu haitokuletea madhara makubwa, lakini `timedatectl` yenyewe itakuonya kila ukiiita, na onyo hilo lina maana.

Maabara ya skuli haina intaneti. Kila umeme ukikatika kompyuta zinarudi miaka ya nyuma.

Hilo si la ukanda. Betri ndogo ya kwenye ubao mama imekwisha, nyingi ni CR2032, ile ya duara kama sarafu. Inauzwa bei ndogo na inabadilishwa bila ya kuchoma chochote. Mpaka uipate, weka saa kwa mkono, na fuata mpangilio huu: ukanda kwanza, saa baadaye. Ukianza na saa, siku utakapogusa ukanda saa itahama.

`sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`
`sudo timedatectl set-ntp false`
`sudo timedatectl set-time "2026-02-10 16:40:00"`

Saa ya kuiga ichukue kwenye simu yenye mtandao. Intaneti ikija, rudisha `set-ntp true`, na kuanzia hapo kompyuta itajisahihisha yenyewe.

Raspberry Pi kabla ya toleo la 5 hazina kabisa saa inayoendelea kuhesabu umeme ukiwa umekatika. Kwa maabara isiyo na mtandao, inunulie kila moja kijisaa cha kuchomeka, au weka kompyuta moja yenye betri nzima iwe inazigawia nyengine saa kwa programu ya chrony.

Skrini ya nyakati za sala msikitini imekwenda mapema kwa saa nzima. Ni ukanda?

Karibu kwa hakika. Programu za nyakati za sala hukokotoa mahali jua lilipo kwa latitudo na longitudo, kisha huongeza saa za ukanda. Ukiwekwa UTC+2, sala zote tano zinatangulia kwa saa moja. Ukiwekwa UTC+4, zote zinachelewa. Katika Ramadhani kosa hilo ni kubwa mno kuachiwa mpaka kesho.

Unaweza kulihakiki kwa adhuhuri, kwa sababu hesabu yake ni nyepesi. UTC+3 inaendana na longitudo ya digrii 45 Mashariki. Mji wa Zanzibar uko karibu na 39.2, yaani digrii 5.8 magharibi ya hapo, na kila digrii ni dakika nne. Hivyo jua linavuka utosi kama dakika 23 baada ya saa sita kwa wastani. Kwa sababu mwendo wa jua haulingani mwaka mzima, mwanzoni mwa Novemba linavuka mapema, kama saa sita na dakika 7, na kati ya Februari huchelewa hadi kama saa sita na dakika 37. Chake Chake, iliyo mashariki kidogo, hutangulia kwa dakika mbili hivi. Skrini ikionyesha adhuhuri inaingia saa tano na nusu au saa saba na nusu, usiguse longitudo wala njia ya kukokotolea. Angalia ukanda wa kompyuta, kisha ukanda ulioandikwa ndani ya programu yenyewe, maana nyingi zina wake.

Nimechagua Etc/GMT+3 na saa imekwenda nyuma badala ya mbele.

Kwenye majina ya `Etc/` alama zimegeuzwa: `Etc/GMT+3` ni saa tatu *nyuma* ya UTC, na yetu ingekuwa `Etc/GMT-3`. Ni kanuni ya zamani ya mifumo ya Unix na haibadiliki tena. Tumia jina la mji.

Nataka kujua saa ya Muscat au London bila ya kubadilisha chochote.

`TZ=Asia/Muscat date`
`TZ=Europe/London date`

Inafanya kazi kwa amri hiyo moja tu, kompyuta inabaki ilivyo. Wenye jamaa Uingereza wakumbuke kwamba tofauti yetu nao ni saa tatu wakati wa baridi na mbili wakati wa joto, na amri hii inalijua hilo.

Nikibadilisha ukanda, faili zangu za zamani zitaharibika?

Hazitoharibika. Saa za faili zimehifadhiwa kwa UTC, kwa hiyo zitaonyeshwa kwa ukanda mpya na zitakuwa zimesogea machoni tu. Yaliyokwisha kuandikwa kama maandishi, kama risiti zilizochapwa na kumbukumbu za `/var/log`, yanabaki na saa ya zamani. Flashi zenye mfumo wa FAT huhifadhi saa ya mahali bila ya kutaja ukanda, basi hizo zisiaminiwe sana.

Kwenye programu yetu, wazee waliozaliwa kabla ya 1942 wanaonekana wamezaliwa siku moja nyuma. Ukanda unahusikaje?

Unahusika moja kwa moja, na ni kosa linalowavunjia wazee wetu heshima kwa kuwaandika tarehe isiyo yao, basi litengenezwe mapema. Kwa kuwa `Africa/Dar_es_Salaam` inafuata `Africa/Nairobi`, inarithi na historia ya Nairobi. Andika:

`zdump -v Africa/Dar_es_Salaam`

Kwenye mfumo unaofuata kiungo hicho utaona kwamba Nairobi ilitoka +2:30 kwenda +3 mwaka 1928, ikarudi +2:30 mwaka 1930, ikawa +2:45 tangu 1937, na +3 tangu Agosti 1942. Sasa programu iliyohifadhi tarehe ya kuzaliwa kama usiku wa manane wa UTC+3, ikija kuonyeshwa kwa kanuni hizo, mtu wa mwaka 1940 anapungukiwa na robo saa. Usiku wa manane unakuwa 23:45, na 23:45 ni jana yake.

Usiichukue orodha hiyo kuwa ushahidi wa saa za Zanzibar ya wakati huo. Ni ya Nairobi, na kwa maeneo yaliyounganishwa namna hii hifadhidata inaahidi usahihi kuanzia 1970 tu. Dawa yake si kutafuta ukanda mwengine. Badilisha safu ya tarehe ya kuzaliwa iwe aina ya tarehe tupu, `DATE`, isiyo na saa wala ukanda. Kabla ya kubadilisha chukua nakala ya akiba, kisha linganisha majina kadhaa ya wazee na vyeti vyao vya karatasi.